Haki ya Mwenye Kumwuguza Mzazi Aliyepotewa na Kumbukumbu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuumba na kurejesha, Mwenye kutoa akili na kuichukua apendapo. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Jamaa zake, na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo, enyi Waislamu, tunajiusia sisi wenyewe na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu.

Khutba ya leo tunaielekeza kwanza kwa wale wasiokuwamo msikitini. Kwa kuwa maneno haya yanakwenda hewani, tunajua ya kuwa yanafika majumbani, na katika baadhi ya majumba hayo yuko mtu mzima mwenye nguvu zake, aliyetia udhu na kuvaa kanzu, kisha hakutoka. Ameketi karibu na mlango, redio ameipunguza sauti, na jicho lake liko kwa mzee aliyemo ndani. Akiondoka yeye, mzee atatoka. Na mzee akitoka hajui arudi vipi. Pengine moyo wake unamwambia ya kwamba amepitwa na kheri ya Ijumaa, na ya kwamba jirani zake wanamhesabu miongoni mwa wavivu wa ibada.

Huyo tunamwambia: wewe umo pamoja nasi. Imam Bukhari amepokea ya kwamba Abdallah bin Umar, naye ni katika Masahaba walioshika sana nyayo za Mtume, aliletewa habari siku ya Ijumaa kuwa Said bin Zaid ni mgonjwa. Jua lilikwisha kupanda na wakati wa sala ulikuwa karibu. Alipanda mnyama wake akamwendea mgonjwa, akaiacha Ijumaa. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, nayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu, wameandika kuwa kumwuguza mgonjwa asiye na mwingine wa kumwangalia ni udhuru wa kutohudhuria Ijumaa na jamaa. Atasali adhuhuri yake nyumbani, rakaa nne, wala hana lawama. Kwa wanawake Ijumaa si lazima tangu asili, lakini na wao wanayo mengi ya kuambiwa leo, kwani mzigo huu tunaouzungumza umewaelemea wao zaidi.

Na iko habari kubwa kuliko hiyo. Katika mwaka wa 2 wa Hijra, Waislamu walipotoka kwenda Badri, Sayyidna Uthman hakwenda. Mkewe Bibi Rukia, binti wa Mtume, alikuwa anaumwa, na Mtume mwenyewe alimwamuru abakie amwuguze. Vita vilipokwisha, Uthman alipewa fungu lake katika ngawira, na akaahidiwa thawabu, kama mtu aliyesimama safuni na upanga mkononi. Tuizingatie hukumu hiyo vizuri. Hakuambiwa kuwa ana udhuru tu. Alihesabiwa kuwa alikuwapo, na fungu lake likatengwa. Tutalirudia jambo hili la fungu, kwa sababu katika vijiji vyetu mwenye kuuguza husifiwa sana kwa maneno, na fungu lake halitengwi.

Sasa tuyaeleze maradhi yenyewe. Zamani tulisema tu kuwa fulani amezeeka, amerudi utotoni. Madaktari huyaita demensia, na aina yake iliyo mashuhuri kabisa huitwa Alzheimer, kwa jina la daktari wa Kijerumani aliyeieleza mwaka 1906. Si uzee wenyewe. Wako wazee wa miaka tisini wenye akili timamu, wakakutajia nasaba hadi babu wa saba. Demensia ni ugonjwa wa ubongo: sehemu zake zinakufa kidogo kidogo, ama kwa sababu ya uchafu unaojikusanya ndani yake, ama kwa mishipa ya damu kuziba na kupasuka, jambo ambalo shinikizo la damu lisilotibiwa na ugonjwa wa sukari hulileta sana. Huanza kwa mambo madogo. Mtu anauliza swali lile lile mara tano. Anaweka funguo ndani ya chungu cha unga. Anapotea katika njia aliyoipita miaka arobaini. Baadaye hamjui mwanawe, kisha hajui choo, kisha hajui kumeza.

Wala si ugonjwa wa Ulaya, kama wengine wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 walikuwako watu milioni 57 duniani wenye maradhi haya, na zaidi ya nusu yao wamo katika nchi zisizo tajiri. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2010 watafiti walipita vijijini katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima wazee wapatao 1,200 wa miaka 70 na zaidi, wakaona kiasi cha watu 6 katika kila 100 wanayo. Hai ni nchi ya milima na kahawa kama Umatengo. Basi atakayesema kuwa huku Mbinga hayapo, na atazame vizuri nyumba ya jirani yake.

Qurani haikulinyamazia jambo hili. Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 70, na katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ametaja wale wanaofikishwa katika umri ulio dhaifu kabisa, hata mtu akawa hajui kitu baada ya kuwa alikuwa anajua. Na Mtume alikuwa akiomba kinga ya Mola wake asifikishwe katika umri huo. Maana yake ni kuwa ni mtihani wa kweli, mzito, hata Mtume wa Mungu ameuombea kinga; basi mtu asione haya kusema kuwa umemwelemea.

Lakini wapo kwetu wanaoyaona maradhi haya na kuyaita kwa jina jingine. Bibi anatembea usiku, anazungumza na waliokufa, pengine amevua nguo. Asubuhi watu wananong'ona kuwa ni mchawi. Kwa hilo tunasema kwa ukali unaostahili. Katika mikoa ya kaskazini magharibi ya nchi yetu, vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma kama hizo, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu. Mwenye kumtuhumu mgonjwa wa ubongo kwa uchawi anabeba dhambi, na mwenye kunyamaza akisikia anashirikiana naye.

Tuchukue mfano sasa, bila ya kumtaja mtu. Yuko mama mmoja kwenye miteremko ya Mapera, anamwuguza mama mkwe wake. Mzee huyu alikuwa hodari wa ngoro. Wanaoijua kazi ya ngoro wanafahamu kuwa wanaume hufyeka na kuyapanga majani, na wanawake ndio wenye kuchimba na kuyafukia, na maharage hupandwa mwezi wa Machi. Basi mwezi wa Julai, katika baridi ile ya Umatengo, saa nane za usiku, mzee anaamka, anatafuta jembe, anataka kwenda kuchimba. Akiambiwa kuwa si msimu, hukasirika. Akizuiwa mlangoni, hulia na kusema kuwa mkwe anamfunga kama mbuzi na kumnyima chakula, hali amekula ugali saa moja iliyopita. Jirani wanasikia. Mtoto wake wa kiume aliyeko Dar es Salaam anapiga simu na kuuliza, "Mnamfanya nini mama?" Huyo ametuma shilingi kidogo tangu mwezi wa Mfungo Mosi, na hajaja.

Mama huyu alfajiri anakwenda kuchuma kahawa, kwa kuwa ni msimu wake na kahawa haingoji. Usiku halali. Mwenyewe ana shinikizo la damu, na siku ya kliniki yake imempita mara mbili, kwani hakuna wa kumwachia mzee. Mgongo unamwuma kwa kumnyanyua. Hacheki tena. Siku moja mzee alimwaga uji, akamkamata mkono kwa nguvu mno, ikabaki alama. Akaingia chumbani akalia mpaka adhuhuri. Tangu siku ile anajiona kuwa ni mtu mbaya, na anaogopa kumwambia yeyote.

Ndugu zetu, mama huyu si mtu mbaya. Mama huyu amechoka. Na kuchoka kwa namna hii ni jambo lijulikanalo kwa waganga, lina dalili zake: usingizi kupotea hata mgonjwa anapolala, hasira za ghafla, kukosa hamu ya chakula, kujitenga na watu, kusahau dawa zake mwenyewe, kuona kuwa maisha hayana ladha, na, Mwenyezi Mungu atuepushe, kutamani kufa, au kutamani mgonjwa afe. Fikra hiyo ya mwisho huwajia wengi wanaouguza, na wengi huificha wakidhani ni wao peke yao. Fikra ipitayo moyoni bila ya kutendwa haihesabiwi kuwa dhambi. Ila ni kengele; na mwenye kuisikia ndani yake aende akamwambie mtu mwenye busara au mganga wa zahanati siku ile ile, asingoje kesho.

Na ziko huzuni za namna nyingine, ambazo hazina hata jina kwetu. Mtu akifiwa na mzazi, watu huja matangani, husomwa hitima, huliwa, hulilia pamoja. Lakini huyu mzazi wake anaondoka kila siku kidogo, na mwili umekaa pale pale barazani. Hakuna tanga la mtu aliye hai. Mtoto anaulizwa na mama yake, "Wewe ni mtoto wa nani?" kisha anapaswa kwenda kumkorogea uji. Hilo nalo ni msiba, na mwenye msiba hupewa pole.

Basi afanye nini? Tutaanza na hasira, kwa kuwa ndiyo yenye hatari ya karibu. Mtume ametufundisha kuwa mwenye kughadhibika akiwa amesimama akae, na isipomtoka ajilaze. Na imepokewa kuwa atie udhu. Mwenye kuuguza, ukihisi mkono unataka kunyanyuka, mweke mzee mahali pasipo moto wala kisu, toka nje, tia udhu kwa maji ya baridi, vuta pumzi, kisha rudi. Dakika kumi hizo si kumtelekeza mzazi. Ndizo zitakazomsalimisha na mkono wako. Kisha acha kubishana naye. Ubongo wake haupokei hoja tena, na kila ukimsahihisha unaongeza hofu yake. Bibi anayetaka kwenda ngoro usiku, mwulize habari za ngoro: walikuwa wakichimba na nani, maharage yalitoka gunia ngapi. Mpe shuka, mpe kitu cha moto anywe. Kumbukumbu za ujana hukaa zaidi kuliko za jana, na mtu akizungumza mambo anayoyajua hutulia. Wako wagonjwa waliosahau majina ya watoto wao, lakini ukianza Alhamdu wanaimaliza pamoja nawe, kwa kuwa waliihifadhi chuoni wakiwa wadogo. Wakati wa magharibi ndio wenye tabu kubwa, kwani wengi wao huchachawa jua linapotua. Taa na iwashwe mapema, na kelele zipunguzwe.

Kule pwani ya Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi mpaka Mbamba Bay, mambo huja kwa sura nyingine. Mzee aliyekuwa mvuvi anatoka usiku kwenda mchangani kuutafuta mtumbwi wake, na mtumbwi huo ulivunjika zamani. Ziwa lile ni refu la kina na halina huruma. Kwa hofu ya ziwa, jamaa humfunga mzee kwa kamba kitandani. Hatuwaiti makatili, kwani hofu yao ni ya kweli. Lakini kamba huchubua, huleta vidonda, humzidishia mzee fadhaa, na humtia haya hata aliyeifunga. Ziko njia nyingine. Komeo na liwekwe juu kabisa ya mlango au chini kabisa, kwani mgonjwa hulitafuta pale alipolizoea. Ifungwe njuga au kengele ya mbuzi mlangoni, ilie mlango ukifunguliwa. Wavuvi na wanawake waanikao usipa mchangani waambiwe habari zake waziwazi: mkimwona baba peke yake, msimkemee, mshikeni mkono mmrudishe. Na mchana apewe wavu ashone. Akili ikisahau, vidole havisahau upesi. Tena wavu ukishonwa vibaya hakuna hasara, utafumuliwa usiku na kesho atapewa tena.

Hayo yote, hata hivyo, ni ya kumsaidia mgonjwa. Mwenye kuuguza naye ana mwili. Salman Mfursi alipomtembelea ndugu yake Abu Dardai, alimkuta amejichosha kwa ibada, mchana hafuturu na usiku halali, mkewe amesahauliwa. Akamlazimisha ale na alale, akamkumbusha kuwa nafsi yake ina haki juu yake, na Mola wake ana haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, ampe kila mwenye haki haki yake. Abu Dardai akaipeleka habari kwa Mtume, na Mtume akasema Salman amesema kweli. Ikiwa sala za usiku na saumu hazikumhalalishia mtu kuumiza mwili wake, seuze kazi ya kuuguza? Mwenye kuuguza kulala si kumdhulumu mzazi. Kwenda kliniki yake si kumdhulumu mzazi. Kwenda harusini saa mbili, akacheka na wenzake, hilo pia ni katika haki yake.

Lakini hataweza kulala ikiwa hakuna wa kumpokea. Na hapa tunageuka kuwakabili nyinyi mliokaa mbele yetu.

Wamatengo wanayo mila iitwayo sengu. Watu wa ukoo mmoja walikuwa wakila pamoja kwa mzee wao, kila nyumba ikileta chakula chake, na baada ya kula huzungumza mambo ya ukoo: nani mgonjwa, nani ana ugomvi, nani hana mbegu. Vijana hufunzwa adabu pale pale. Siku hizi mahali pengi sengu imebaki jina, lakini kitu chenyewe ndicho tunachokihitaji. Ukoo wenye mgonjwa na ukutane; wasikutane kumhoji anayeuguza, bali kugawana kazi. Nani atalala na mzee usiku wa Alhamisi na Ijumaa? Nani ataleta kuni? Nani atampeleka mwenye kuuguza kliniki siku yake? Aliye mbali kwa kazi, huko Songea au Dar es Salaam, atatuma kiasi kilichowekwa, kila mwezi, siku iliyowekwa, si siku anayokumbuka. Na akija likizo, asije kama mgeni wa kuchinjiwa kuku. Ampokee mwenye kuuguza wiki nzima, ili na yeye aone usiku ulivyo.

Na fungu la Uthman tulilolitaja, hapa ndipo pake. Fedha za kahawa zikilipwa na chama cha msingi, wengi katika nyumba hugawana kwa kuangalia nani alipalilia, nani alichuma, nani alibeba magunia. Aliyekaa ndani na mzee haonekani katika hesabu, eti kwa sababu hakufanya kazi. Huku ni kughafilika na Sunna. Laiti asingekaa yeye, ni nani katika nyinyi angelikwenda shambani? Mpeni fungu lake, kwa jina lake, mkononi mwake.

Wanaume tusijitoe. Amri ya kuwatendea wema wazee wawili, katika Sura ya Bani Israil, aya ya 23 na ya 24, pale tulipokatazwa hata kuguna mbele yao wafikapo uzeeni, imeteremka kwa mtoto, wala haikusema kuwa mtoto amwagize mkewe. Mkwe anayemwuguza mama wa mume wake anafanya ihsani. Mwenye wajibu ni mume. Tumeona nyumba ambazo mtoto wa kiume anakaa kilabu cha bao mpaka isha, kisha anasifiwa kuwa mama yake anatunzwa vizuri. Na tumeona, jambo la kusikitisha zaidi, mjukuu wa kike wa miaka kumi na miwili akitolewa shule akae na bibi. Mtoto huyo anavunjiwa maisha yake kimya kimya. Bibi mwenyewe, lau akili yake ingelimrudia saa moja, asingeliridhia.

Wako wengine wawezao kusaidia, wasiokuwa wa ukoo. Akina mama wa madrasa wajipange wawili wawili, kila wiki wakae na mgonjwa saa mbili, ili mwenzao aoge, alale, aende sokoni. Anayemzuru mgonjwa asiulize tu hali ya mgonjwa, amgeukie na mwenye kuuguza amwulize, "Na wewe, umelala?" Wala msilete ushauri mwingi kuliko unga. Na kwa kuwa sisi Waislamu katika Mbinga na Nyasa tu wachache na jirani zetu wengi ni Wakristo, tusione uzito kushirikiana nao katika hili. Waumini wa dini zote mbili wanatibiwa katika hospitali za misheni, Litembo, Peramiho na Liuli, na maradhi haya hayaulizi dini ya mtu.

Habari ya hospitali tuieleze kidogo, kwani kosa hapa huua. Demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa timamu juzi na leo amechanganyikiwa ghafla, huyo si wa kuambiwa amezeeka. Pengine ana malaria, au maradhi ya mkojo, au homa ya mapafu, au kiharusi, au hakunywa maji. Apelekwe siku hiyo hiyo. Hata yule aliyeanza kusahau polepole apimwe, kwa kuwa huzuni kubwa, upungufu wa baadhi ya vitamini, na uziwi huweza kufanana na demensia, na hayo yana dawa. Demensia yenyewe hadi leo haina dawa ya kuiondoa. Mtume ametuamuru tujitibu, akasema kila ugonjwa una dawa isipokuwa uzee. Basi anayekuuzia mizizi kwa ahadi ya kumrudishia mama yako akili, mche Mungu kwa fedha zako. Na kumbukeni kuwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imekusudia mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo apate matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Mwenyekiti wa kijiji na Baraza la Wazee waulizwe habari ya vitambulisho.

Katika ibada za mgonjwa, tusiwabebeshe wanaouguza mzigo ambao Sheria imeuondoa. Mtume ametufahamisha kuwa kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni aliyeondokewa na akili. Mzee asiyejua tena kuwa hii ni sala, haandikiwi kuiacha. Akisali rakaa sita za adhuhuri, mwache. Akila mchana wa Ramadhani, msimpigie kelele. Ambaye akili humjia na kumtoka, jamaa zake wamwulize sheikh wao, kwani hukumu yake ina tafsili.

Limebaki jambo la mali. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, imeamriwa kuwa mwenye deni akiwa dhaifu au hawezi kutamka mwenyewe, msimamizi wake amtamkie kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Lakini tunasikia ya wazee wasioijua siku, wanashikwa mkono wakatiwa dole gumba kwenye karatasi, na shamba la mikahawa likawa limeuzwa. Mara nyingi anayefanya hivyo ni mtoto mmoja kwa siri ya wenzake, na lawama humwangukia anayeuguza kwa kuwa ndiye aliyekuwamo ndani. Mauzo ya mtu asiye na akili timamu hayasihi. Ukoo umteue msimamizi mapema, mzee angali anafahamu kidogo, kwa maandishi, mbele ya mashahidi na serikali ya kijiji. Na matumizi ya mgonjwa yaandikwe katika daftari, ili anayeuguza asije kuambiwa mwizi baada ya mazishi.

Maimamu watakaoisoma khutba hii vijijini tunawaomba jambo moja. Baada ya sala msitangaze majina, kwani nyumba zina siri zake. Lakini kila mmoja wenu anawajua watu wawili watatu wa mtaa wake ambao hawakuonekana safuni kwa miezi. Leo kabla ya alasiri mpite kwao, mmoja akae na mzee barazani, mwingine amwambie mwenye nyumba akalale.

Tunakaa kitako hapa kidogo, kisha tutasimama kwa khutba ya pili.